Bandari Salama na Bahari ya Nje: Yampasayo Mwananchi Kuyajua Kabla ya Kupanda Boti ya Matembezi Dar es Salaam

Jiji la Dar es Salaam huonekana kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ile waijuayo wakazi wake wengi: barabara, foleni, masoko na vituo vya mabasi. Sura ya pili haionekani isipokuwa kwa aliye majini. Akiwa ndani ya boti, mwananchi huona minara ya makanisa, mapaa mekundu ya majengo ya kale, minazi na maghorofa marefu vikiwa vimepangana mbele yake ukingoni mwa maji. Ndiyo maana siku za mapumziko na sikukuu, familia, vikundi vya wanafunzi na wafanyakazi hukodi boti ili kulizunguka jiji au kuvuka hadi visiwani.

Matembezi hayo ni haki ya kila raia na ni chanzo cha kipato kwa manahodha, mabaharia na wafanyabiashara wa pwani. Hata hivyo, safari fupi ya starehe hufanyika katika bahari ileile inayopitiwa na meli kubwa, yenye upepo na mikondo ileile. Makala haya yanaeleza mambo ambayo abiria huyaona katika safari hiyo, namna bahari ya Dar es Salaam inavyobadilika kwa saa na kwa msimu, na wajibu wa kila mhusika ili aliyeondoka asubuhi arejee nyumbani jioni.

Jina lililotokana na utulivu wa maji

Kabla ya kuwa jiji, eneo hili lilikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alichagua kujenga mji hapa kwa sababu ya ghuba yake: maji yenye kina, yaliyozungukwa na nchi kavu, na yanayoingiwa kwa mlango mwembamba tu kutoka baharini. Kutokana na hali hiyo likaja jina la Kiarabu ambalo wengi hulifasiri kuwa Bandari ya Salama. Sultani Majid alifariki mwaka 1870 kabla ya mji wake kukua, lakini uchaguzi wake ulidumu. Wajerumani waliufanya mji huu kuwa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na bandari ikaendelea kuwa moyo wa jiji hadi leo.

Mlango huo mwembamba uliwahi kutumiwa hata kivita. Mwezi Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea karibu na mlango wa bandari ili kuzuia meli za Waingereza zisiingie. Tukio hilo linaonesha jinsi njia ya majini inayoingia jijini ilivyo finyu. Boti ndogo ya matembezi hupita katika njia hiyohiyo pamoja na meli za mizigo, meli za abiria wa Zanzibar na vivuko vya Magogoni na Kigamboni.

Yanayoonekana ndani ya bandari

Boti inayozunguka ndani ya bandari humpitisha abiria katika historia ya nchi. Upande wa mjini huonekana Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid, na ambalo ni miongoni mwa majengo ya kale zaidi yaliyosalia jijini. Karibu nalo kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambayo yote mawili yalijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miaka mingi minara yake ndiyo iliyokuwa alama ya kwanza kwa msafiri aingiaye kutoka baharini. Leo maghorofa yameinuka nyuma yake, lakini minara hiyo ingali inatambulika kwa urahisi.

Kuelekea mlango wa bandari kuna Soko la Samaki la Feri, ambako mitumbwi, ngalawa na mashua huleta samaki alfajiri. Mbele kidogo ni eneo la Ikulu. Upande wa pili ni Kigamboni, inayounganishwa na mjini kwa vivuko vinavyopita mchana na usiku. Boti ikielekea ndani zaidi, upande wa Kurasini, abiria ataliona Daraja la Nyerere, maarufu kama Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa mwezi Aprili 2016. Pembezoni mwa mkono huo wa bahari kuna mikoko, ambayo mizizi yake hushika udongo wa pwani na kuwapa samaki wachanga mahali pa kujificha.

Abiria wanapaswa kufahamu kuwa bandari ni eneo la kazi na pia ni eneo la ulinzi. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafla wala kukata kona kwa haraka, na nahodha wake haoni chombo kidogo kilicho karibu mno na omo. Kwa hiyo boti ya matembezi ndiyo inayopaswa kukaa mbali na njia ya meli, na nahodha hapaswi kushawishiwa na abiria kusogea karibu ili wapige picha. Vilevile, kupiga picha kwenye maeneo ya ulinzi na ya viongozi wa nchi kunahitaji kufuata maelekezo yaliyopo. Asiye na hakika amuulize nahodha kabla ya kutoa simu yake mfukoni.

Nje ya mlango, hali ni nyingine

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Utulivu ulioipa Dar es Salaam jina lake ni utulivu wa ndani ya ghuba. Boti inapotoka nje ya mlango wa bandari, huachana na kinga ya nchi kavu na kukutana na mawimbi ya Bahari ya Hindi. Abiria aliyepanda kwa kutazama maji ya ndani, yaliyolala kama mkeka, huweza kushangazwa na yale atakayoyakuta dakika chache baadaye.

Mambo matatu huamua hali hiyo. La kwanza ni msimu wa upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, na kwa kawaida huwa na nguvu zaidi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kati ya misimu hiyo miwili kuna vipindi ambavyo bahari hutulia zaidi. Wazee wa pwani walipanga safari zao za jahazi kwa pepo hizi karne nyingi kabla ya kuwapo kwa injini, na injini haikuufuta ukweli huo.

La pili ni saa za siku. Mara nyingi bahari huwa tulivu asubuhi. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto kuliko bahari, na upepo huanza kuvuma kutoka majini kuelekea pwani. Ifikapo alasiri, safari ya kurudi huweza kuwa na mawimbi makubwa kuliko ile ya kwenda. Kwa sababu hiyo kuondoka mapema na kurejea mapema ni kanuni ya usalama, si ukali wa nahodha.

La tatu ni maji kujaa na kupwa. Katika pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa za bamvua, ambapo tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huzidi mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua. Wakati wa bamvua, miamba na mafungu ya mchanga ambayo boti ilipita juu yake asubuhi huweza kuwa wazi mchana. Maji yanayotoka kwa kasi katika mlango wa bandari yanapokutana na upepo unaovuma kuingia, mawimbi hupanda juu na kukaribiana. Nahodha mwenye ujuzi huyahesabu mambo haya kabla ya kupanga saa ya kuondoka.

Kwa sababu hizo, hatua ya kwanza ya mwananchi anayepanga matembezi ni kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambayo hutoa taarifa za upepo na mawimbi kwa watumiaji wa bahari. Pale mamlaka hiyo inapotoa tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, safari ya starehe haina sababu ya kuendelea.

Visiwa na maeneo tengefu

Safari nyingi za matembezi huelekea visiwani. Kaskazini mwa jiji kuna Bongoyo, ambacho hufikiwa kwa takriban nusu saa kwa boti ya injini kutoka Msasani, na Mbudya, kilicho mkabala na Kunduchi. Visiwa hivyo viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Nje ya mlango wa bandari kuna visiwa vya Sinda na Makatumbe, na katika Makatumbe ya nje umesimama mnara wa taa unaoziongoza meli usiku. Anayesafiri kando ya pwani kuelekea kaskazini huliona pia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, likipita juu ya maji kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan kuelekea Oysterbay.

Maeneo tengefu yanasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu chini ya Sheria Namba 29 ya mwaka 1994. Ndani ya mipaka yake uvuvi hauruhusiwi, na mgeni hulipa kiingilio. Kiwango cha raia hutofautiana na cha mgeni kutoka nje ya nchi, na malipo hufanywa kwa utaratibu wa Serikali unaotoa namba ya malipo na stakabadhi. Kabla ya kukubaliana bei na mwenye boti, mwananchi aulize iwapo kiingilio kimo ndani ya bei hiyo au kinalipwa peke yake, kisha adai stakabadhi yake. Kwa njia hiyo fedha huifikia hifadhi, na abiria hakwepi sheria bila kujua.

Sababu ya ulinzi huo ipo chini ya boti. Matumbawe yanaonekana kama mawe, lakini hujengwa na viumbe hai wadogo kwa miaka mingi sana. Samaki wengi wanaofika Soko la Feri hutegemea miamba hiyo kwa chakula na makazi. Pia miamba huyavunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Nanga moja iliyotupwa mahali pasipofaa, au mguu mmoja uliokanyaga tumbawe maji yanapokupwa, huharibu kazi ya miaka. Mgeni wa kisiwani anaombwa asiokote makombe wala vipande vya matumbawe, asiwaguse kasa, na arudi na taka zake zote jijini. Ikumbukwe pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na marufuku hayo hayaishii ufukweni.

Ukaguzi wa chombo na wajibu wa abiria

Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Shirika hilo hukagua vyombo, husajili na kutoa vyeti, na huainisha idadi ya watu ambao chombo kinaruhusiwa kubeba. Idadi hiyo hutokana na hesabu ya ukubwa wa chombo, uzito wake na namna kinavyosimama majini.

Hesabu hiyo ina maana rahisi. Boti husimama wima kwa sababu uzito wake mwingi uko chini. Watu wanapozidi, boti hudidimia na ukingo wake hukaribia maji. Watu hao wakisimama, uzito hupanda juu, na boti hulala kwa wepesi zaidi. Wakikimbilia upande mmoja kumtazama pomboo au kupiga picha, ukingo huingia majini, na maji yakishaingia boti huzidi kulala. Mambo hayo huweza kutokea kwa sekunde chache, hata pasipo dhoruba.

Taifa limeyaona haya kwa majonzi. Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama usiku ikielekea Pemba kutoka Unguja, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Julai 18, 2012, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Zanzibar katika upepo mkali wa kusi. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Tukio hilo la mwisho lina funzo maalumu kwa msafiri wa matembezi: ukaribu na nchi kavu hauokoi maisha ya waliozidi ndani ya chombo.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda, abiria ana haki ya kuuliza na kuona. Aulize boti inaruhusiwa kubeba watu wangapi, kisha ahesabu walio ndani, wakiwamo watoto na mabaharia. Aone kama kuna jaketi okozi kwa kila mtu, na kama za watoto zina ukubwa wa watoto. Jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani pindi aingiapo majini. Alivae lake kabla ya boti kuondoka gatini, kwa maana jaketi iliyofungiwa chini ya kiti haina msaada chombo kinapopinduka. Aulize kama kuna redio au simu yenye chaji, kizimamoto na mafuta ya kutosha kwenda na kurudi. Kiongozi wa kikundi aache nchi kavu orodha ya majina ya waliosafiri, mahali wanapokwenda na saa ya kurejea.

Jambo jingine lisilozungumzwa mara nyingi ni fedha. Kikundi kilichochanga kwa miezi na kukodi boti kwa siku ya sikukuu huona uchungu kuambiwa kwamba safari haipo. Nahodha naye huogopa kurudisha malipo. Shinikizo hilo la pande zote mbili ndilo linalowapeleka watu baharini siku isiyofaa. Dawa yake ni makubaliano ya mapema: pande zote zikubaliane, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba hali ya hewa ikichafuka safari itasogezwa siku nyingine au fedha zitarudishwa. Makubaliano hayo humpa nahodha uhuru wa kusema hapana. Nahodha anayeahirisha safari kwa sababu ya upepo anafanya kazi aliyolipwa kuifanya.

Hatari inapotokea

Boti ikipinduka, kanuni ya kwanza ni kutokuiacha iwapo ingali inaelea. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, na mkondo humchosha hata mwogeleaji hodari. Walio majini washikamane pamoja, watoto wawe katikati, na wote wabaki karibu na chombo ambacho waokoaji watakiona kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu mmoja. Chombo chenye redio ya baharini kitoe wito kupitia chaneli 16, ambayo ndiyo ya dharura duniani kote. Aliye na simu apige namba ya dharura 112 au namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akitaja mahali alipo, idadi ya watu na aina ya chombo. Kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji majini kilichopo Dar es Salaam chini ya TASAC hufanya kazi pamoja na Polisi Wanamaji, mamlaka ya bandari na vyombo vingine. Orodha iliyoachwa nchi kavu ndiyo itakayowaambia waokoaji wangapi bado hawajapatikana.

Hakuna lolote katika haya linalokusudia kumtia mwananchi hofu ya bahari. Wakazi wa pwani hii wameishi nayo vizazi kwa vizazi kwa kuijua, na kuijua huanza na maswali machache yanayoulizwa gatini kabla kamba haijafunguliwa. Mwananchi atakayeona chombo kimepakia kupita kiasi, hakina jaketi okozi za kutosha, au kinaondoka huku tahadhari ya hali ya hewa ikiwa imetolewa, asikipande, na atoe taarifa kwa Polisi Wanamaji au ofisi ya TASAC iliyo karibu. Bongoyo na Mbudya vitakuwapo wiki ijayo, na safari iliyoahirishwa bado inaweza kufanyika.